Mikono Mitatu kwenye Hori la Madoa

Hebu nikuulize wewe unayesoma: ng'ombe anayelishwa chakula kilekile, kwa kopo lilelile, asubuhi na jioni, anaweza kuugua kwa kushiba? Usijibu haraka. Fundi aliwaza swali hilo asubuhi nzima, mkono kiunoni, na hakupata pa kushika.

Jina la Fundi alipewa na mtaa. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani ikitazama ua. Akiinua macho kutoka kwenye sindano aliliona banda la ng'ombe wake, Madoa. Lakini banda lilijengwa limempa mgongo. Hori la chakula lilikuwa upande wa pili, karibu na kichochoro cha jikoni. Kwa hiyo mchana kutwa Fundi aliona matako ya Madoa na mkia unaofukuza nzi. Mumewe alikuwa akimtania, "Wewe huyo ng'ombe unamjua kwa mkia tu. Ukikutana na uso wake njiani utampita."

Madoa alikuwa amezaa wiki tatu zilizopita. Ndama alikuwa jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Fundi alikuwa amemsubiri Madoa azae kwa miezi tisa, akihesabu kwa chaki nyuma ya mlango. Sasa maziwa yalikuwa yanapanda kila siku, na roho ya Fundi ilikuwa inapanda nayo.

Asubuhi hiyo Fundi alitoka na ndoo ya kukamulia, maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Kwa kawaida Madoa akisikia mlio wa ndoo hugeuza kichwa. Leo hakugeuza. Alisimama kichwa chini, masikio yamelegea, macho yameingia ndani kama ya mtu aliyekesha. Pumba za jana jioni zilikuwa nusu horini. Majani makavu hayakuguswa.

"Wewe mama, vipi?" Fundi alimuuliza.

Kisha akaona kinyesi. Kinyesi cha Madoa kilikuwa kizito siku zote, kikianguka kinatulia kama mkate. Leo kilikuwa uji. Kilikuwa cha kijivu, kina povu, na kinanuka uchachu kama maziwa yaliyosahauliwa chupani. Fundi hakuwa mtu wa kinyaa. Aliinama, akachokoa kwa kijiti. Ndani yake aliona punje za mahindi. Punje nzima, za njano.

Hapo ndipo akili yake ilipofunga breki. Fundi hakuwahi kumpa Madoa mahindi. Alimpa pumba kwa kopo dogo la rangi lililoisha, kopo moja asubuhi na moja jioni, wakati wa kukamua. Basi, na majani. Mahindi yametoka wapi?

Alimwita mumewe. Mumewe alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Alikuja na mswaki mdomoni, kope zake bado zina unga wa jana.

"Ulimpa nini?" aliuliza.

"Cha kawaida."

"Basi, kama ni cha kawaida." Mumewe akautazama ukuta.

"Sasa haya mahindi?"

"Pumba nyingine huwa na punje punje."

"Pumba nazipepeta mwenyewe, baba. Kwa mkono huu."

Mumewe alitema povu la dawa ya meno, akasema amechelewa kazini, lakini hakuondoka. Alibaki pale pale, anazungusha mswaki kidoleni.

Mama mkwe alitokea kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa na miezi miwili tu katika nyumba ile. Kabla ya hapo aliishi peke yake, na alifuga ng'ombe tangu akiwa binti. Miguu ilipoanza kumsumbua, mwanawe alikwenda kumchukua.

"Ana nini?" aliuliza.

"Kaa tu mama, usijisumbue," Fundi alisema. Alisema kwa heshima, kama alivyosema kila siku. Mama mkwe akigusa ndoo, Fundi alimpokea. Akishika fagio, Fundi alimpokea. Alimwekea kiti chenye mto, akamwambia kazi yako umeshamaliza mama, sasa pumzika.

Mama mkwe akarudi jikoni.

Kabla jua halijapanda sawasawa akaingia jirani, seremala, mtaa mzima ukimwita Najua. Ukimwambia kuna moto mahali, atakwambia najua. Alikuwa na penseli sikioni na chupa mkononi.

"Shemeji, huyo kala nailoni," alisema. "Najua hali hiyo. Nimekuja na maji ya sabuni. Tunamshika pua, tunammiminia, nailoni inateleza."

"Nailoni gani? Hatoki nje."

"Basi minyoo. Au nyongo. Au kuna mtu kapita hapa na jicho lisilo zuri, maana maziwa yenu yameanza kusemwa."

Fundi alihisi kichwa kinajaa kama mto wa sufi. Nailoni, minyoo, nyongo, jicho. Kila neno lilikuwa na mlango wake, na yeye hakujua aingie upi. Aliitazama ile chupa. Angalau ilikuwa kitu cha kufanya.

"Msimmiminie kitu," sauti ndogo ilisema kutoka jikoni. "Ng'ombe dhaifu hamezi vizuri. Yatamwingia mapafuni."

"Bibi, hayo ni ya zamani," Najua alisema.

"Na mapafu ni ya zamani," mama mkwe alijibu.

Fundi aliishusha ile chupa kutoka mkononi mwa Najua. Akampigia simu daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa maneno. Mabuti yake ya mpira yalimfika karibu na magoti, na watu walimwita Mama Mabuti. Alipofika hakumgusa Madoa kwanza. Alisimama kando, akamtazama kwa muda ambao Fundi aliona kama saa nzima.

"Tangu asubuhi amecheua?" aliuliza.

Kucheua ni pale ng'ombe anaporudisha chakula kutoka tumboni na kukitafuna tena, ametulia, mdomo unakwenda kushoto na kulia. Fundi alijaribu kukumbuka. Alichokiona yeye ni mkia. Mkia haucheui.

"Sijui, daktari."

"Hajacheua," alisema mama mkwe. "Tangu jana alasiri."

Fundi aligeuka kumtazama. Mama mkwe alikuwa anakunjua pindo la nguo yake na kulikunja tena.

Mama Mabuti alipima joto. Akagusa kwato, akasema zina moto. Akaweka ngumi ubavuni kushoto, penye shimo nyuma ya mbavu, akaweka na sikio. "Sogea usikilize," alimwambia Fundi. Fundi akaweka sikio.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Ng'ombe mzima, kila dakika tumbo hili linajikunja mara moja au mbili. Linanguruma kama mkokoteni unaopita mbali. Hili limesimama." Alijipangusa mikono. "Huyu amekula nafaka nyingi kwa haraka. Amekula kiasi gani?"

"Kopo moja asubuhi na moja jioni," Fundi alisema. "Pumba. Miezi yote ni hivyo hivyo. Daktari, kama kuna kosa ni langu, maana ninayemlisha ni mimi peke yangu. Lakini kosa lenyewe silioni."

Mama Mabuti alitazama uso wa Fundi, akatazama wa mumewe, akatazama wa mama mkwe. Alichukua ndoo tupu iliyokuwa ukutani, akaiweka katikati ya ua.

"Mimi simtafuti mkosaji," alisema. "Natafuta kipimo, nijue dawa nitie kiasi gani. Kila aliyempa Madoa chochote tangu juzi, atie humu kiasi hichohicho. Pumba kwa pumba, punje kwa punje. Tusipojua, nitakisia, na mimi kukisia sipendi."

Fundi alikwenda stoo. Alirudi na pumba, makopo manne, ya siku mbili. Akamimina. Ndoo haikufika hata katikati.

Kuku alipita, akadonoa, akafukuzwa.

Mumewe alikohoa. Alikwenda nyuma ya banda, akarudi na kifuko alichokuwa amekificha chini ya mbao. Kilikuwa na chenga za mahindi na unga wa kufagia chini ya mashine. Alimimina, akaongeza, akaongeza tena. Vumbi jeupe likapanda.

"Kila nikitoka kazini namwonjesha," alisema. "Mteja mmoja aliniambia ng'ombe akizaa, unga ndio maziwa. Nikaona maziwa kweli yanapanda. Juzi nikaongeza. Jana nikaongeza tena."

"Kumwonjesha?" Fundi aliuliza. Ndoo ilikuwa imefika shingoni. "Hiyo ni kuonjesha au ni harusi?"

"Nilitaka kukufurahisha. Nilitaka udhani ni mkono wako."

Fundi alitaka kusema jambo, lakini mama mkwe alikuwa amesimama. Alitembea pole pole hadi jikoni, akatoka na kikapu kidogo cha mahindi yaliyopukuchuliwa. Alijaza pindo la nguo yake, akamwaga kwenye ndoo. Akajaza tena. Mara ya tatu mahindi yalifurika, yakaanguka chini, kuku wakarudi wote.

"Mchana," alisema. "Wewe ukiwa kwenye cherehani. Anakula mkononi kwangu."

Basi Fundi alikaa chini, kwenye ukingo wa baraza. Watu watatu, kila mmoja akijiona peke yake, na tumbo moja. Bado hakuelewa. Mumewe alimwelewa kidogo, yule wa unga ndio maziwa. Lakini mama mkwe? Mtu aliyefuga maisha yake yote, aliyejua habari ya mapafu, kwa nini amlishe ng'ombe kwa kificho kama mtoto anayeiba sukari?

"Tumbo la ng'ombe si gunia," Mama Mabuti alisema, akifungua mkoba wake. "Kaeni niwaeleze huku nafanya kazi. Ndani ya lile tumbo kubwa kuna vijidudu vingi mno, vidogo, macho hayavioni. Hivyo ndivyo vinavyomeng'enya majani. Ng'ombe akila majani anacheua sana. Akicheua anatoa mate mengi, na mate yake yanapooza uchachu tumboni. Sasa ukimjaza nafaka ghafla, vijidudu vingine vinashangilia, vinaichachusha haraka. Uchachu huo mkali unaitwa asidi. Hacheui, kwa hiyo hakuna mate ya kuupooza. Vijidudu vizuri vinakufa. Tumbo linasimama. Asidi inaingia kwenye damu, inashuka mpaka kwenye kwato. Ndiyo maana zina moto."

"Na ile pumba aliyoacha?" Fundi aliuliza.

"Alikuwa anakwambia. Ng'ombe anayeacha chakula kitamu anazungumza."

"Atapona?"

Mama Mabuti alitazama miguu ya Madoa. "Amesimama. Angekuwa amelala na hawezi kunyanyuka, ningezungumza vingine. Tujaribu. Kesho saa hizi tutajua."

Alichanganya soda ya kuokea na maji, kwa kipimo chake. Akapitisha mpira mrefu mdomoni mwa Madoa hadi tumboni, akahakikisha haukuingia njia ya pumzi, ndipo akamimina. Alimwambia Najua, aliyekuwa bado amesimama na penseli yake, "Umeona? Hii haifanywi kwa chupa na nguvu. Na dozi si ya kukisia." Najua alisema alikuwa anajua. Halafu akasema, "Hapana, hili sikulijua."

Mama Mabuti akamchoma Madoa sindano moja ya kutuliza maumivu ya kwato. Akapanda pikipiki, akaenda machinjioni, akarudi na chupa kubwa ya chai. Ndani mlikuwa na maji ya kijani ya tumbo la ng'ombe mzima aliyekuwa amechinjwa muda huo, bado ya moto.

"Tunampandikizia vijidudu vipya," alisema. "Na msinitazame hivyo. Chupa hii haijawahi kuona chai, na haitaiona."

Kabla ya kuondoka alitoa maagizo. Nafaka yoyote iondolewe horini, hata punje. Majani makavu marefu yawekwe mbele yake, yasikatwekatwe vipande vidogo. Maji safi yasikosekane. Maziwa yake yasinywewe na mtu wala ndama mpaka yeye aseme, kwa sababu ya sindano. Najua alijitolea, akasema dada yake ana ng'ombe, ndama ataletewa maziwa asubuhi na jioni.

"Na nataka mtu mmoja wa kumtazama mdomo," Mama Mabuti alisema. "Mtu mwenye macho na subira. Siku akicheua, anihesabie. Tonge moja lililorudi mdomoni, anatafuna mara ngapi kabla hajameza."

"Nitakaa mimi," Fundi alisema.

"Wewe una cherehani. Bibi atakaa."

"Lakini mama anapumzika."

"Kwani kukaa si kupumzika?" Mama Mabuti aliuliza.

Mama mkwe aliubeba mwenyewe mto wa kiti chake. Akauweka juu ya kigogo upande wa pili wa banda, penye hori, pale ambapo Fundi hakupaona.

Siku ile Fundi alishona vibaya. Alishona mkono wa kushoto wa blauzi penye mkono wa kulia, akafumua, akarudia kosa lilelile. Alikuwa anawaza Madoa akifa, ndama atabaki na nani. Aliwaza miezi tisa ya chaki nyuma ya mlango. Kisha aliwaza kikapu kile cha mahindi, na hapo mawazo yalikuwa yanafungana kama uzi.

Kesho yake jua likiwa limepanda, alisikia sauti kutoka nyuma ya banda.

"Arobaini na saba. Arobaini na nane."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. Alizunguka banda mbio. Madoa alikuwa amelala kifua chini, ametulia. Mdomo wake ulikuwa unakwenda, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mama mkwe alinyoosha kidole, asikatizwe hesabu.

"Hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Amemeza." Alimgeukia Fundi, macho yamejaa maji. "Mwanangu, amemeza. Ngoja, lingine linapanda."

Walihesabu pamoja tonge la pili. Lilifika hamsini na sita.

Mama Mabuti alirudi kila siku kwa siku nne. Siku ya tatu kinyesi kilianza kuwa kizito. Ya nne mkokoteni ulinguruma ubavuni, na Fundi aliusikia mwenyewe, akaweka sikio mara tatu kwa raha tu. Wiki ya pili daktari aliruhusu pumba, lakini kidogo sana, nusu kopo. "Ongezeni kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu," alisema. "Vijidudu vinahitaji muda wa kuzoea, kama mgeni anavyozoea nyumba. Majani kwanza, pumba baadaye. Gawanyeni mara nyingi, msimpe kwa mkupuo. Mahindi yafungiwe stoo. Na chakula chake kishikwe na mkono mmoja. Mwingine akitaka kumpa kitu, amuulize mwenye mkono."

Mumewe aliacha kuleta chenga. Alisafisha hori kwa maji na brashi, akaleta mzigo wa majani makavu mabegani, mpaka Fundi akamwambia safari hii unafanana na mkulima kuliko na andazi lililomwagiwa unga.

Maziwa yalirudi. Hayakuruka juu kama zile siku za kificho, yalipanda taratibu. Yalikuwa mazito, yakikaa yanaweka utando wa mafuta juu. Daktari alisema hata huo utando ni dalili: tumbo likichacha, maziwa huwa mepesi. Ndama alirudishiwa ya mama yake.

Jioni moja, jua lingali juu ya ukuta, Fundi alichukua chaki. Alifuta alama za miezi nyuma ya mlango. Alitaka kuandika nani atashika chakula cha Madoa. Chaki ilibaki hewani.

"Mama," alisema, "nikuulize jambo, usinikasirikie. Wewe unajua ng'ombe kuliko sisi wote. Ulijua mahindi mengi yana madhara."

"Nilijua. Mahindi yangu peke yake nilijua hayamdhuru. Sikujua kuna wengine wawili."

"Lakini kwa nini kwa kificho? Hapo ndipo nisipoelewa mpaka leo."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mto. Alitazama ndoo ya kukamulia, iliyooshwa na kufunikwa kwa kitambaa.

"Nilitaka anizoee," alisema. "Anizoee harufu, anizoee mikono."

"Ili iweje, mama?"

Fundi alikuwa karibu kuongeza pumzika tu, usijisumbue. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza, akasubiri.

Mama mkwe aliinyoosha mikono yake, akaikunja vidole kimoja kimoja, mifupa ikilia.

"Miguu yangu imechoka, mwanangu. Mikono haijachoka," alisema. "Nilitaka kukamua, na kila nikigusa ndoo unanipokea. Tangu siku nilipotua mzigo wangu hapo mlangoni, nimetaka kukamua."